Ramani Iliyongoja Sistimu Mpya

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa na skrini nyeusi na herufi za rangi ya majani machanga. Niliipata mwaka 1993, ofisi moja ya misaada ilipofunga kazi zake Arua na kuuza meza, viti, mafaili matupu na mashine zake kwa yeyote aliyezitaka. Nilikuwa na chumba kimoja karibu na soko, mashine mbili za kupiga chapa, na kibao nilichokiandika mwenyewe mlangoni. Watu waliniletea barua za kuomba kazi, kadi za harusi, ratiba za mazishi, katiba za vikundi vya akina mama. Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo niliweka jenereta ndogo nyuma ya nyumba na kuiwasha asubuhi kwa saa mbili. Katika saa hizo mbili nilijiona mtu mkubwa.

Sasa mimi ni mzee, na nikikaa peke yangu mlio wa jenereta ile hunijia kabla ya sauti za watu. Baada ya mlio huja baraza, benchi la mbao lililopinda katikati, na sisi watatu tumekaa tunakisia.

Tulikuwa tukikisia sistimu mpya. Vitabu vya siku hizi huiita mfumo endeshi, ile programu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa na kuziongoza nyingine zote. Yangu ilikuwa ya zamani, ya kuandika amri herufi kwa herufi. Uvumi ulisema mpya iko njiani, yenye picha na madirisha, na sisi tulitaka kujua mambo mawili: itafika Arua lini, na itagharimu kiasi gani. Tulizungumza mambo hayo mawili karibu miaka minne. Sijui kama kuna mazungumzo mengine maishani mwangu yaliyonipa raha kama yale. Ndiyo pia ninayoyajutia kuliko yote.

Mwenzangu mmoja alikuwa fundi wa redio, jirani yangu, mtu mwembamba aliyetembea na bisibisi mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu. Wa pili alikuwa dereva wa lori kutoka Logiri. Kila juma alipeleka maharage na tumbaku Kampala na kurudi na sabuni, misumari na habari. Sisi wawili hatukuwa tumeona sistimu mpya hata kwenye picha. Yeye alisema ameiona kwa macho yake.

"Iko katika duka moja karibu na kituo cha mabasi," alituambia siku ya kwanza, viatu vyake vikiwa bado na vumbi la safari. "Skrini ina rangi kama kitenge kipya. Unafungua dirisha, ndani yake dirisha lingine. Hakuna kuandika amri. Unasukuma kitu kama panya juu ya meza, na mshale unakwenda unakotaka."

"Na bei?" fundi akauliza.

"Bei sikuuliza. Nilivaa hivi hivi. Wangenifukuza."

"Umetembea siku mbili na hukuuliza bei!"

"Wewe nenda ukaulize na bisibisi yako."

Tukacheka, kisha tukaanza kukisia. Ikiwa imefika Kampala sasa, fundi alisema, Arua itafika baada ya miezi sita, kwa sababu redio za kaseti zilichukua miezi sita. Dereva akasema mwaka. Wote wawili wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na sifa ya kukisia.

Sifa hiyo ina historia yake. Serikali ya kijeshi ilipoanguka mwaka 1979 nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari, na ndugu zangu wa Koboko walikuwa watu wa jeshi lililoshindwa. Mwaka uliofuata tulivuka mpaka tukaingia Zaire, na huko tukakaa zaidi ya miaka mitano. Mkimbizi ana kazi moja asiyolipwa, nayo ni kukisia siku ya kurudi. Wanaume walikaa vikundi vikundi wakihesabu dalili. Mmoja alisikiliza redio, mwingine aliwaamini wachungaji, mwingine aliota ndoto. Waliodhani watarudi karibuni hawakupanda muhogo, maana muhogo huchukua mwaka mzima na zaidi. Walipanda maharage na ufuta, wakavuna, wakasema msimu ujao tutakuwa nyumbani, wakapanda maharage tena. Shangazi yangu, dada ya baba, alipanda muhogo kila mwaka. Walimwambia anapoteza nguvu. Akawajibu, "Mimi nikirudi, mwingine atakula."

Mimi nilikisia kwa chumvi. Niligundua kwamba chumvi ya soko la mpakani ilitoka upande wetu. Ikipanda bei, barabara ya kwetu ina vizuizi. Ikishuka, malori yanapita, na malori yakipita mtu naye anaweza kupita. Msimu mmoja chumvi ilishuka majuma matatu mfululizo. Nikawaambia watu wafunge mizigo. Waliofunga walikuta njia wazi, wakafika Koboko kabla ya mvua na kulima. Tangu siku ile waliniita mtu wa chumvi, nami nikaanza kuamini kwamba nina kipawa cha kujua wakati wa kila kitu.

Kwa hiyo pale barazani niliwajibu wenzangu kwa utulivu wa mtu anayejua. Tutazame bei ya disketi, nikasema. Disketi ndizo zinazobeba sistimu kutoka mashine hadi mashine. Zikiwa ghali Kampala, bado mapema. Zikishuka, sistimu imeenea, na hapo tutanunua kwa bei ya watu wa kawaida. Fundi alitikisa kichwa kwa heshima. Dereva akaahidi kutuletea bei ya disketi kila juma, na alitimiza ahadi. Niliziandika kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani, na nilipokuwa sina mteja niliitazama kalenda ile mpaka namba zikaanza kuelea.

Shangazi alikuja mwanzoni mwa mwaka 1994. Alikuwa mjane wa sajini, mwanamke mrefu, Mwislamu wa swala tano. Familia yetu ilikuwa nusu kanisani nusu msikitini, na hilo halikumsumbua mtu. Alipanda pikapu kutoka Koboko, akaingia ofisini kwangu bila kubisha, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo mashine inaandika bila kelele?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi iandike watoto yangu."

Nilijua anawataja watoto gani. Uhamishoni alizika watoto wawili, mvulana na msichana, katika juma moja la surua. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nikifundisha shule moja ya wakimbizi, mwendo wa siku mbili kutoka kambi yao, na nilipofika makaburi yalikuwa yameshaota majani. Nilipewa chai, nikapewa habari, sikupelekwa makaburini wala sikuomba kupelekwa. Mumewe, aliyeyachimba, alifariki baada ya kurudi Koboko. Watoto wake wengine walizaliwa baadaye.

"Nikifa mimi," akasema, "hakuna mutu najua njia. Mimi nataka kwenda kuchukua udongo yao, nilete nyumbani. Lakini kwanza karatasi. Leo nina miguu, kesho sijui."

Nikawasha jenereta. Alisimulia akiwa amefumba macho, na mimi nikaandika. Alinipeleka kutoka mpakani hadi kijito, kutoka kijito hadi jiwe lililolala kama mgongo wa ng'ombe, kutoka jiwe hadi mkuyu wenye matawi makubwa mawili, moja limesimama na moja limelala. Alitaja upande wa jua, alitaja hatua, alitaja vichuguu. Herufi za kijani zilijaza skrini moja, zikaingia ya pili. Nilisahau kwamba niko Arua. Nilisikia ubaridi wa njia za msituni asubuhi.

Kisha nikaharibu. Niliyasoma maneno yale nikayaona hayana sura. Nilitaka ramani. Nilikuwa mtu mwenye kompyuta, na mtu mwenye kompyuta, niliwaza, hawezi kumpa shangazi yake karatasi ambayo hata karani wa mahakama angeiandika. Basi nikaanza kuchora kwa herufi: njia kwa vistari, mto kwa mawimbi, makaburi kwa alama za kujumlisha. Nikamwita aone.

Akasogeza uso karibu. "Hii nini?"

"Makaburi."

"Msalaba? Watoto yangu iko Waislamu! Toa!"

Nikaondoa, nikaweka nyota mahali pake. Akazitazama, akaanza kutikisika kwa kicheko. "Sasa umewapa cheo. Nyota moja moja. Baba yao amekufa sajini, watoto wamekuwa maofisa!"

Tulicheka wote wawili mpaka fundi akaja kuchungulia. Lakini ramani ilikuwa mbaya. Mto ulikwenda moja kwa moja kama reli, na njia ilikunja kwa pembe za sanduku. Ili kupata nafasi ya kuichora nilikuwa nimeyafuta maneno yake yote. Niliyafuta mwenyewe, kwa kidole changu, bila kuyachapisha hata nakala moja, kwa sababu utepe wa printa niliuweka kwa ajili ya wateja. Nilijiambia atayasimulia tena.

"Shangazi," nikasema, "tungoje. Iko sistimu mpya inakuja, inayochora. Mto utapinda kama mto. Mti utakuwa mti."

"Inakuja lini?"

Nikaigeukia kalenda. "Mwezi wa nane."

"Huo mwezi wa nane, umeuona wapi?"

"Kwenye bei ya disketi."

Alinitazama kama alivyonitazama nilipomwambia kwamba shuleni tunajifunza umbali wa mwezi. "Wewe ndiye mwenye shule," akasema. Akafunga kanga yake, akaenda kutafuta pikapu.

Mwezi wa nane ulikuja na mvua. Disketi hazikushuka. Dereva alileta habari kwamba sistimu ile, hata ukiipata, haiwezi kukaa kwenye mashine kama yangu bila kuongezewa memori. Fundi alikisia kwamba sistimu peke yake ni bei ya fahali mmoja, na memori yake fahali wawili. Kisha, mwaka uliofuata, dereva alisikia kwamba nyingine mpya zaidi imetoka ng'ambo, na hii tuliyokuwa tukiingoja itakuwa ya zamani kabla haijafika hata Pakwach, njiani kuja kwetu.

"Afadhali hatukununua," nikasema.

"Afadhali," fundi akakubali.

Nakumbuka raha ya neno lile. Tuliketi tukilionja. Kila mwezi tulioacha kununua ulionekana kama faida. Watu wa vijiji vya Ayivu walipita barabarani na baiskeli zilizobeba mihogo na mitama, jua likateremka nyuma ya paa za mabati, na sisi tulikuwa tukiishi katika mji mwingine kabisa, Arua ya mwaka ujao, ambako kila kitu kilikuwa kimeshafika na kila kitu kilikuwa rahisi. Katika mji ule ramani ya Shangazi ilikuwa imekwisha kuchorwa. Niliiona wazi: mto wa bluu, njia ya kahawia, mkuyu wa kijani. Niliiona mara nyingi kiasi kwamba nilisahau kuwa yeye hajaiona.

Alikuja mara ya pili. Niliagiza chai, naye akajimiminia mpaka ikafurika kikombe na kuchuruzika mezani. Nilipanguza haraka, nikiogopa mashine. Nikadhani amechoka na safari.

"Sistimu yako imefika?"

"Bado kidogo. Bei inashuka. Tukiruka hii na kuchukua inayofuata, tutapata mbili kwa gharama ya moja."

"Mimi nataka moja tu."

Nilicheka. Alicheka pia, lakini kidogo. Nilimwambia kwa kujiamini kwamba kabla ya Idi nitamwita. Alipoondoka aliushika mlango kwa mikono yote miwili, akatafuta ngazi kwa mguu, akasimama, kisha akashuka. Niliyaona hayo. Sitasema kwamba sikuyaona. Niliyaona, nikarudi kwenye kalenda.

Idi ilipita. Nyingine ikapita. Vita vikaanza Zaire, na upande wetu pia kulikuwa na bunduki njiani, hivyo barabara ya mpakani ikawa ya kupita leo na kufungwa kesho. Nami nikapata sababu nzuri ya kusema kwamba hata kama ramani ingekuwepo hakuna wa kuitumia.

Kisha siku moja dereva aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama vizuri. "Mtu wa chumvi! Zimeanguka! Disketi zimeanguka! Wanauza sanduku zima kwa bei ya disketi tano."

Nilisimama. Nilihisi kama nilivyohisi katika soko la mpakani, mkono ukiwa ndani ya gunia la chumvi. Ndio wakati. Nilimpa dereva akiba yangu yote, nikamwambia asirudi bila sistimu mpya. Alirudi baada ya siku sita na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ngumu. Tulikizunguka watatu. Ndani mlikuwa na sahani moja tu, ile ya sidii, nyembamba, ing'aayo, yenye rangi za upinde wa mvua ukiigeuza.

Fundi aliichukua kwa ncha za vidole. Akaitazama mashine yangu mbele na nyuma, akaitazama sahani tena.

"Utaiingiza wapi?" akauliza. "Chini ya mlango?"

Mashine yangu haikuwa na tundu la sahani. Disketi zilikuwa zimeanguka bei kwa sababu hakuna aliyezitaka tena. Dalili niliyoisubiri miaka mitatu haikuwa na maana niliyoipa. Chumvi hushuka bei kwa kuwa njia imefunguka. Disketi zilishuka kwa kuwa njia ile ilikuwa imeachwa, na mimi nilikuwa bado nimesimama juu yake.

Dereva alijaribu kunifariji. "Angalau inang'aa."

"Itundike dukani," fundi akasema, "wateja wajitazame."

Ilinichukua karibu miaka miwili zaidi kupata mashine yenye tundu hilo. Niliuza mashine za kupiga chapa, niliuza jenereta na kununua nyingine ndogo zaidi, na mke wangu aliacha kuniuliza kitu chochote kuhusu sistimu. Ilipowaka mara ya kwanza, skrini ikajaa bluu laini kama anga ya asubuhi baada ya mvua. Nilikaa mbele yake muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha nikamtuma dereva Koboko na ujumbe: imefika, njoo.

Alikuja siku ya tatu, ameshikwa mkono na binti yake mkubwa. Nilimketisha. Nilifungua programu ya kuchora, nikachovya rangi ya bluu, nikavuta mto. Ulipinda. Ulipinda vizuri kuliko mito niliyoijua.

"Tazama, Shangazi!"

Alinyoosha shingo, akatabasamu kwa adabu, akautazama ukuta.

"Mwanangu," akasema, "iko wapi?"

Nilimtazama yule binti. Akainamisha kichwa. Nilishika uso wa Shangazi kwa mikono yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaugeuza polepole kuelekea skrini. Macho yake yalikuwa na ukungu wa maziwa.

"Tangu lini?"

"Ilianza pole pole. Ile siku ya chai bado nilikuwa naona mwanga." Akanipapasa mkono. "Usilie kwa mashine yako, itaharibika. Wewe chora. Mimi nitasema."

Alijaribu kusema. Kijito kilikuwa kile kile, jiwe lile lile, lakini baada ya jiwe alisita. Alisema kushoto, kisha kulia. Alichanganya njia ya makaburini na njia ya kisimani. Mara ya kwanza, miaka minne nyuma, alikuwa ametaja hatua na vichuguu bila kukosea, na mimi nilikuwa nimevifuta. Nilijaribu kukumbuka nilichokiandika. Nilikumbuka rangi ya herufi tu.

"Nikiwa pale," akasema mwishowe, "miguu itakumbuka."

Kulipotulia kidogo tulikwenda. Kutoka Koboko tulichukua pikapu hadi mpakani, na baada ya hapo baiskeli mbili za kukodi, yeye juu ya moja na mimi juu ya nyingine. Alivaa kanga mpya. Njia nzima aliniuliza ninachoona, nami nilimwambia: wanawake wanatwanga, mbuzi mweupe, nyumba iliyoungua, kijito.

"Kijito iko na maji?"

"Yako mpaka magotini."

"Siku ile ilikuwa kavu," akasema, na akashika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili mpaka tulipofika kwenye jiwe.

Jiwe lilikuwepo. Alishuka, akalipapasa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akaliegemezea shavu lake. Nilimwacha pale amekaa pamoja na waendesha baiskeli, nikatangulia kuutafuta mkuyu.

Mbele ya jiwe hapakuwa na msitu. Palikuwa na shamba la tumbaku, limenyooka mpaka mwisho wa macho, mistari safi, majani mapana. Mwenye shamba alikuwa akipalilia, akaja kunisalimu.

"Mkuyu? Hapa miti ilikwisha, mzee. Tunakaushia tumbaku. Mimi mwenyewe nilikuta visiki, nikavichoma."

"Makaburi je? Makaburi mawili madogo."

Alifikiri kweli, mtu yule. Sikuona hila usoni mwake. "Sikuona kaburi. Ningeona, nisingelima. Hakuna mutu aliniambia."

Nilisimama katikati ya mistari ile. Kulikuwa kimya kabisa, na jua la asubuhi lilikuwa zuri. Nilijaribu kukisia. Kipawa changu chote nilikileta pale, na hapakuwa na dalili hata moja.

Niliporudi, Shangazi alikuwa amesimama tayari.

"Umeuona?"

Ningeweza kusema hapana. Nimeufikiria wakati ule miaka mingi, na kila mara mdomo wangu unajibu kabla yangu.

"Nimeuona."

"Tawi moja limelala?"

"Limelala."

Alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Nilimshika mkono, nikampeleka hadi pembe ya shamba, mahali palipokuwa na majani ya kawaida, na kumketisha. Mwenye shamba alitufuata kwa mbali na jembe lake. Nilimwonyesha kidole mdomoni, akaelewa, akavua kofia.

"Nipeleke niguse mti."

"Shangazi, nyuki wameingia ndani yake. Tusisogee."

"Nyuki?" Alilipima neno lile. "Vizuri. Wana jirani."

Kisha akageuza uso juu. "Kivuli sikisikii."

"Jua bado liko chini. Kimelala upande ule."

Aliomba dua kwa sauti ndogo, akawaita watoto wake kwa majina, akawaeleza ndugu waliozaliwa nyuma yao, mmoja mmoja, na tabia za kila mmoja, nani mvivu, nani mchoyo. Alicheka mara moja. Mwisho alichota udongo kwa viganja, akaufunga kwenye kitambaa. Udongo ule uko Koboko, nyuma ya nyumba yake, na watu husimama mbele yake kwa adabu.

Baada ya juma moja alikuja Arua kuidai ramani yake. Niliichora mbele yake, nikimsomea kila nilichoweka. Kijito. Jiwe. Alinisahihisha umbali mara mbili, akataka mpaka uonekane. Nilipofika kwenye mkuyu nilichora bila kumsomea.

"Umechora mti?"

"Nimechora."

"Na nyuki?"

"Na nyuki."

"Sasa chora kivuli. Ile siku ulisema kimelala upande ule. Hapa wewe kilaze upande yao."

Sijui mpaka leo alijua kiasi gani, na sikupata ujasiri wa kumuuliza kabla hajafariki. Nilichukua rangi ya kijivu, nikakilaza kivuli juu ya vidoti vyote viwili vya makaburi. Ilikuwa ramani nzuri. Fundi aliiita ramani nzuri kuliko zote zilizopata kutoka Arua, na dereva alitaka kuionyesha Kampala.

Karatasi hiyo sasa wanayo wajukuu zake, imefunikwa kwa plastiki. Wameniambia wanataka kwenda, na ndiyo maana ninaandika haya kabla hawajafunga safari. Kutoka mpakani hadi kwenye jiwe, waiamini. Nilipita njia hiyo, na kila kitu kipo mahali pake. Baada ya jiwe, waifunge waiweke mfukoni, na Fatiha wasome kwa ajili ya shamba zima.